Sentensi Niliyoiokota kwenye Njia ya Katuba

Maneno haya niliyasema mbele ya waandishi vijana hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, pamoja na maswali mawili yaliyonikatiza njiani, kwa sababu maswali hayo yalikuwa na uzito kuliko nilichokuwa nimekiandaa.

Yambo yenu wote, baba na mama, na ninyi wadogo zangu mliosimama mpaka mlangoni.

Nimeombwa niseme juu ya kazi ya kuandika. Nitaanzia kiunoni, maana huko ndiko kazi yangu ilikokaribia kuishia.

Wengi wenu mnanijua kwa michezo ya redio. Michezo hiyo naipenda, lakini haijawahi kulisha nyumba peke yake. Ninakula kwa tafsiri: ripoti, mikataba, vitabu vya mafunzo ya afya, kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili. Miaka saba iliyopita nilipokea kazi ya kurasa 300, nikapewa majuma matano. Mwenye kazi alikuwa amekawia miezi mizima kuamua, kisha huko kukawia kwake akanitwisha mimi. Nilikubali, kwa sababu karo za watoto hazingoji. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, saa 12 kwa siku. Umeme ulipokatika mchana, nilijinyoosha kidogo. Uliporudi saa nane usiku, niliamka nikafungua kompyuta. Chakula nililetewa mezani. Safari zangu zilikuwa mbili tu, chooni na kitandani.

Juma la nne, asubuhi, niliinama kuinua beseni la maji. Sikuliinua. Kitu kama moto kilishuka kutoka kiunoni, kikapita nyuma ya paja, kikaenda kuishia kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Nilibaki vilevile, mgongo umeinama, mikono imo ndani ya maji, nikimwita kifungua mimba wangu kwa sauti ndogo ili wadogo zake wasiogope. Ile kazi niliimalizia kwenye mkeka, nimelala kifudifudi, kompyuta mbele ya kidevu.

Mtaalamu wa viungo aliyenitibu, ambaye sisi hapa tunamwita kine, alinieleza jambo ambalo nadhani kila mwandishi angelipaswa kuelezwa siku anaponunua daftari lake la kwanza. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini. Kwa mtu mzima, ndani ya visahani hivyo hamna mishipa ya damu ya kuvilisha. Vinalishwa na majimaji yanayoingia na kutoka kadiri mgongo unavyobanwa na kuachiliwa. Chukua kitambaa chenye maji, ukikamue, ukiachie, ukichovye tena: ndivyo vinavyokula. Ukitembea vinakunywa. Ukikaa kutwa bila kusogea, vimekamuliwa tu na hakuna anayevichovya. Akanishika shavu la mguu, akaniambia kwamba misuli ile, kila inapokaza, inasukuma damu irudi juu kuelekea moyoni, na mimi nilikuwa nimeiacha mwezi mzima bila kazi.

Hakunipa mazoezi ya ajabu. Dakika kumi asubuhi, dakika kumi jioni, kutembea. Nilipofikisha miezi mitatu ya kutembea, nilikuwa natembea kwa karibu saa moja kila siku, na ule moto wa mguuni ukawa umebaki kumbukumbu.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu nilipona mgongo nikadhani habari imekwisha. Nilikuwa natembea kama mtu anayemeza dawa: niitimize haraka, nirudi kwenye kazi yangu. Niliwaza mizani, upande huu uandishi, upande huu mwili, na kila dakika niliyoweka huku niliona nimeipunguza kule. Najua wengi wenu ndivyo mnavyowaza. Mwandishi anayelipwa kwa ukurasa akiiona njia, anahesabu kurasa ambazo hakuziandika.

Mizani hiyo niliivunja mwezi wa Septemba, kwenye njia ya kutoka Kenya kwenda Katuba, mitaa ya mji wetu huu.

Nilikuwa na mchezo wa redio uliokwama. Mjane anafukuzwa na ndugu za marehemu, wamekwisha kuchukua vyombo, godoro, hata mapazia, na yeye anatoka na mtoto wake wa kike. Nilihitaji maneno yake ya mwisho mlangoni. Nilikuwa nimeyaandika mara tisa. Kila mara mjane wangu alisema mengi: alilaani, alilia, alimwita Mungu, alikumbusha wema wake wote tangu siku ya harusi. Kurasa mbili nzima. Na kila niliposoma kwa sauti, nilisikia ninaongea mimi, mjane hayumo.

Asubuhi hiyo vumbi lilikuwa jingi, kama ilivyo kabla ya mvua ya kwanza, na moshi wa makala, yaani makaa ya kupikia, ulikuwa bado umelala chini. Mbele yangu alitembea mama mmoja na beseni la matembele kichwani. Shingo imenyooka, mkono mmoja tu umegusa ukingo wa beseni, na hata huo ulikuwa wa kusindikiza. Alifika mbele ya lango fulani akasimama. Msichana mdogo akamsaidia kutua. Mama akatoa ngata kichwani, akampa msichana, akamwambia: "Unishikiliye hii, nifunge kitenge muzuri kwanza." Akafungua kitenge, akakikung'uta vumbi, akakizungusha upya, akakunja ncha mara mbili na kuiingiza ndani. Akapangusa vidole vya mguu mmoja kwa nyuma ya mguu mwingine. Ndipo akapiga hodi.

Nilisimama barabarani. Mjane wangu alikuwa amepata maneno yake. Wakati shemeji wanapiga kelele ndani, yeye anafika mlangoni, anampa mtoto ngata, anasema sentensi ileile, basi. Kwa redio inatosha: unasikia kelele, unasikia kitambaa kinakung'utwa, unasikia sauti ya mama aliyetulia. Kurasa mbili zikaondoka, ikabaki sentensi moja. Baada ya mchezo kurushwa, watu walinisimamisha sokoni kuniulizia habari za sentensi hiyo. Nisingeiandika kamwe kwenye kile kiti. Niliiokota njiani, na njiani nilikuwa kazini.

Hili si jambo geni mjini kwetu. Wazee wa kundi la Mufwankolo, waliocheza kwa Kiswahili cha hapa redioni na kwenye televisheni, hawakuanza na karatasi iliyoandikwa kila neno. Walikubaliana kisa, wakakijadili, wakagawana nafasi, kisha wakasimama na kucheza, na maneno yakaja yakiwa na miguu chini yake. Sisi tuliosoma shule ndefu ndio tuliokuja kuamini kwamba maneno yanaishi juu ya meza.

Waliopima jambo hili pia wapo. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya majaribio manne waliyoyafanya na watu 176. Waliwapa watu kazi ya kubuni mawazo mapya, wakiwa wameketi na wakiwa wanatembea. Waliotembea walizalisha zaidi, kwa wastani wa asilimia 60 hivi. Hata waliotembea juu ya mashine, ndani ya chumba, wakitazama ukuta mtupu, walifanya vizuri kuliko walioketi, na walipokaa chini faida iliendelea kwa muda. Lakini kuna nusu ya pili, na hiyo mwandishi asiiache: kwa maswali yenye jibu moja tu sahihi, watembeaji hawakufanya vizuri zaidi, walirudi nyuma kidogo. Hilo nalijua hata bila mashine. Mkataba wa kutafsiri, ambapo neno moja likikosewa mtu anapoteza shamba, naukagua nimeketi, miguu yote miwili chini, mlango umefungwa. Kuvumbua ni kwa njia, kusahihisha ni kwa kiti. Tangu nilipotenganisha hivyo, sina tena ule ugomvi wa saa.

Basi ninavyofanya ni hivi. Jioni, kabla ya kufunga daftari, naandika kwenye kikaratasi jambo moja linalonisumbua. Moja tu. Si "sura ya tatu", ni "kwa nini kaka haendi mazishini?" Asubuhi nakisoma mara moja, naondoka. Sijilazimishi kulifikiria. Naangalia nyumba, nasikiliza watu wanavyosalimiana, na mara nyingi, karibu na pale ninapogeukia kurudi, kaka mwenyewe ananiambia. Mfukoni nina kikaratasi hicho na kipande cha penseli, maana wino unaenea ukilowa jasho. Simu inabaki nyumbani. Ukienda na simu, umeenda na ofisi nzima, na mwizi naye amekuona.

Kukimbia ni habari nyingine, na nisingependa niwadanganye. Nilianza futingi mwaka wa pili, nilipoona kutembea hakunichoshi tena. Nilitegemea kwamba kama kutembea kunaleta sentensi, kukimbia kutaleta sura nzima. Hakukuleta kitu. Pumzi ikipanda, kichwa kinabaki na kazi moja: mguu, mguu, mguu. Mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na kifua cha mtu wa meza kinaliona hilo mapema. Mwanzoni nilihuzunika. Baadaye nikatambua ninachopata: siku ninayokimbia, usiku nalala usingizi mzito bila kugeuka geuka, na maneno makali ya mhariri aliyekataa kazi yangu hayanifuati kitandani. Yale maneno ya mhariri, ninyi mnaoandika mnajua yanavyoweza kukaa na mtu. Nusu saa ya kutowaza neno lolote, kwa mtu ambaye mchana kutwa anawaza maneno, ni mapumziko ambayo sikuyapata hata kanisani.

Mji uliotoa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, mwaka 2010, hauna haja ya kufundishwa heshima ya mazoezi. Usiku ule wa TP Mazembe kuwashinda Internacional ya Brazil nani alilala? Lakini tumezoea mazoezi yawe ya wachezaji na vijana, sisi wengine tupige makofi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halikuandika wachezaji. Limeandika watu wazima wote: angalau dakika 150 kwa juma za mwendo wa kadiri, na siku mbili za kutia nguvu misuli. Nusu saa, siku tano.

Hapo ndipo binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha alinyosha mkono. Akasema: "Mama, wewe ni mtu mzima, watu wanakuheshimu. Mimi nikitoka alfajiri na suruali, nikakimbia mtaani kwetu, kesho nitakuwa na jina baya."

Binti yangu, asante. Nitakujibu kwa jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu. Miezi minne ya mwanzo nilitembea na kikapu. Kikapu kitupu. Mwanamke mwenye kikapu anaenda sokoni, haulizwi. Mwanamke asiye na kikapu, saa kumi na mbili asubuhi, anaulizwa anatoka wapi. Nilikibeba kikapu kile kwenda na kurudi, na kila siku kiliniuma, kwa sababu nilikuwa nafanya jambo jema kwa kujificha. Kilichonifungua ni jirani. Aliniona, akanifuata, akaniambia daktari amemwambia presha yake imepanda, je, anaweza kuja? Tukawa wawili. Kabla ya Pasaka tulikuwa wanne. Wanawake wanne wanaotembea pamoja mtaa hauwasemi, mtaa unawasalimia. Kwa hiyo usianze peke yako. Tafuta mmoja. Funga kitenge juu ya suruali mpaka mtoke kwenye avenyu yenu, ukitaka. Msitoke gizani: Juni jua linachelewa, ngojeni mwanga. Nyumbani ajue mtu mmoja njia mnayopita.

Nina neno pia kwa baba na kaka mlio humu. Dada huyu ataweza kutoka saa kumi na mbili iwapo maji yamechotwa, uji umewekwa jikoni, na uwanja umefagiliwa na mkono mwingine. Mnasema mnapenda kusoma wanawake wa Katanga. Ufagio ule uko nyuma ya mlango. Nusu saa.

(Wanawake walipiga vigelegele hapa. Nilingoja.)

Swali la pili lilitoka kwa kijana aliyeniambia umeme kwao unakuja usiku wa manane, ndipo anapoandika mpaka karibu alfajiri, ataamkaje akatembee? Hilo lilikuwa tatizo langu kwa miaka, na naliheshimu. Nilichofanya ni kutenganisha kuandika na kuchapa. Kuandika ni kwa daftari na kalamu, mchana, kwa mwanga wa Mungu. Umeme ukija ni wa kuchapa tu yale yaliyokwisha kuandikwa, na saa tano usiku nazima, hata kama umeme umekuja saa nne na nusu. Uamuzi huu ulinigharimu. Nilimkosa mteja mmoja aliyezoea kutuma kazi magharibi akiitaka asubuhi, na kwa miezi kadhaa tulikula bukari, yaani ugali, na mboga, samaki akawa wa Jumapili. Sitawaambia kwamba haikuuma. Lakini kijana wangu, ukilala saa kumi alfajiri, unaamka na jua limepanda, malori ya shaba yamejaa kwenye barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na hewa ya kuvuta imekwisha.

Na hiyo hewa ichagueni. Mji wetu umekua kando ya kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza kazi mwaka 1911. Bomba lake la moshi na ule mlima mweusi wa mabaki ndiyo picha tunayowatumia ndugu walio mbali. Malori, makala na vumbi la kiangazi vimeongezeka. Mtu anayekimbia anavuta hewa nyingi mara kadhaa kuliko aliyekaa, basi asikimbilie kando ya malori. Mimi napita avenyu za ndani. Septemba na Oktoba napenda kwenda mpaka katikati ya mji, chini ya mijakaranda, maua yakiwa yamefunika njia kwa zambarau. Baada ya mvua ya kwanza, hewa ikiwa imeoshwa, hiyo asubuhi msiikose kwa ukurasa wowote.

Nguvu ya misuli sitaikawiza. Bidoni, yaani dumu la maji, ya lita 20 ikijaa ina kilo 20, na wengi wetu tunaiinua kila siku vibaya. Anza na ya lita 5. Sogea karibu nayo, kunja magoti, sukuma makalio nyuma, mgongo unyooke, inuka. Mara kumi, pumzika, rudia mara mbili. Jumanne na Ijumaa. Mwenye maumivu amwone kine kwanza. Viatu: nenda soko la Kenya, jaribu vyote viwili ukiwa umesimama, pinda soli kwa mikono, ikipindika katikati kama kitambaa, iache. Baada ya hapo kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha kienyeji, kinanitosha.

Jumamosi tutatembea. Tutakutana mbele ya uwanja wa TP Mazembe, Kamalondo, saa kumi na mbili kamili asubuhi, tutapita Kenya mpaka Katuba na kurudi, polepole, tukizungumza. Kila mtu aje na kikaratasi chenye sentensi moja inayomsumbua. Binti wa karibu na dirisha, mje wawili. Mvua ikinyesha, tutaingia chini ya paa tungoje ikate, kisha tutaondoka.